Mpira wa Kumi

Mimi mwenzenu mwili ninao, sijisifu, muulizeni yeyote. Tairi la ndege nalisukuma peke yangu huku napiga mluzi. Lakini ndani ya stoo yetu ya vipuri vya ndege kuna mtu mmoja ninayemwogopa, naye ananifika kwapani, miwani yake imefungwa kwa uzi, na ni dada yangu, tumbo moja. Mafundi wanamwita Kufuli. Mimi shule niliiacha darasa la sita, tukaachana kwa amani. Yeye akasoma yake na yangu. Kazi hii ni yeye aliyenitafutia.

Stoo ile ina vitu elfu kumi na moja, na kila kimoja kina karatasi inayosema kimetoka wapi. Kisicho na karatasi, hata king'ae vipi, kwa dada ni maiti. Kinapigwa lebo nyekundu, kinaingia kizimba cha waya, na ufunguo anao yeye shingoni. Nilikuwa namcheka.

"Dada, hii nati ina cheti cha kuzaliwa, mimi sina!"

"Ndiyo maana nati naiamini," ananijibu, hata uso hainui.

Sasa siku moja asubuhi ikaja barua kutoka kiwandani. Mipira ya kuzibia mafuta ya breki, fungu ambalo namba yake inaishia saba-nne, isitumike. Ikipata baridi ya huko juu inakakamaa, mafuta yanavuja, ndege inatua haina breki. Mpira wenyewe ni kitu kidogo tu, kama bangili ya mtoto.

Dada akatazama kadi: saba-nne tuliingiza kumi, hatujatoa hata mmoja. Akahesabu pakiti kwenye boksi. Kumi.

"Yameisha hayo," nikasema, "twende chai."

Hakusogea. Akaanza kutoa pakiti mojamoja, anasoma namba kwa sauti, kidole kinatembea chini ya kila tarakimu. Tisa zikaishia saba-nne. Ya kumi ikaishia saba-saba. Akavuta boksi la jirani, la saba-saba, ambalo lilikuwa na nane na likatoa moja. Zilizobaki saba, zote saba-saba.

"Mmoja mbaya umetoka," akasema.

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyopita maboksi hayo mawili yaliniponyoka, pakiti zikatawanyika sakafuni. Nikazirudisha kwa kuhesabu, kumi huku, nane kule, na nikajipongeza kabisa. Halafu juzi fundi wa breki akaja, nikampa moja kutoka boksi la saba-saba, na kwenye kadi nikanakili namba ya boksi. Ya pakiti sikuisoma. Nilijiona mjanja, kusoma kote huko ni kwa ajili ya nini?

Dada hakuuliza ni nani. Akachomoa kadi: umetoka juzi, saa nne, kwa kazi namba fulani. Akachomoa faili la kazi hiyo: ndege ipi. Akachomoa karatasi ya tatu: gurudumu la kushoto, la ndani. Basi. Mimi nilikuwa bado nakuna kichwa. Nimewahi kuona mashine ikinyanyua injini nzima, mdomo wangu haukufunguka kama siku ile. Bangili ya mtoto, katikati ya vitu elfu kumi na moja, na mwanamke yule ameifuata kwa karatasi tatu mpaka kwenye gurudumu ilipokaa!

Na gurudumu lenyewe tuliliona dirishani. Ndege ilikuwa karakana siku nne, ile ndiyo safari yake ya kwanza tangu itoke. Abiria ndani, ngazi inaondolewa. Dada akanyanyua simu.

"Hiyo isisogee."

Mkuu wa mafundi alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Dada, watu mia na arobaini wamefunga mikanda! Kadi yako mwenyewe inasema mpira ni mzuri!"

"Kadi inadanganya. Hii pakiti nimeikuta mahali si pake."

"Na kama umekosea? Unajua nani atafukuzwa hapa?"

"Mimi. Nitafungasha vitu vyangu mwenyewe. Wateremshe watu."

Mkuu akamtazama, akageuka, akapunga mkono nje. Dude lile, kubwa kuliko shule niliyoikimbia, likazima muungurumo. Watu wakateremka wananung'unika, mmoja ameshika kiatu mkononi, sijui kwa nini. Fundi wa breki akaletwa na karatasi yake ya kazi kutoka karakana. Lebo ya pakiti alikuwa ameibandika hapo bila kuisoma, kama mimi. Saba-nne. Mkuu aliisoma mara tatu, akavua kofia, akakaa juu ya kreti.

Wakati gurudumu linafunguliwa, dada akaandika ripoti. Akajaza kila kitu, akaacha nafasi moja tupu: aliyechanganya.

Nikamnong'oneza, "Dada, si unajua ni mimi?"

"Nimeona pakiti. Aliyezichanganya sikumwona. Siandiki nisichokiona, mdogo wangu."

Akaniwekea kalamu juu ya meza, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Hakuna aliyeniona siku maboksi yaliponiponyoka, nawaambia ukweli. Ningeweza kwenda zangu chai.

Nikaandika. Jina langu, na la baba yetu, ambalo ni lake pia.

Miezi sita siruhusiwi kumpa fundi hata skrubu. Hiyo ni amri ya mkuu. Ndege ile iliondoka saa kumi na dakika tano, ina mpira mwingine. Tulisimama mlangoni tukaitazama ikipaa mpaka ikawa nukta, na dada akabaki akiitazama hata baada ya nukta kupotea, midomo yake inacheza, kama anahesabu waliomo.