Kwaya Iliyoimba kwa Msaada wa Mota

Saa tisa alasiri. Mashine ya kusaga nafaka inanguruma, unga umetanda hewani, na mwanamke mwenye kope nyeupe kwa vumbi ameinua mwiko juu. Mbele yake watu kumi na mmoja wamebanana kati ya magunia na mizani. Anaisikiliza mota, anatikisa kichwa kuridhika, kisha anaushusha mwiko. Wanaimba. Sauti ya kwanza iko juu, ya nne iko chini kabisa, na zote zinakaa vizuri ajabu.

Mtaani wanamwita Mama Unga. Ana miaka kumi na sita ndani ya kibanda hiki, husaga kama kilo mia tatu kwa siku, na sikio lake la kushoto, anasema mwenyewe, "limestaafu bila kuaga." Kwaya hii ya wenye vibanda ndiyo roho yake.

Mwaka jana walikwenda mashindanoni. Ukumbi una zulia, na kimya chake ni cha kusikia mbu. Hapo ndipo walipoumbuka. Kumbe miaka yote walikuwa wanachukua sauti kutoka kwa mngurumo wa mota, wala hakuna aliyejua.

"Nikashusha mkono, kila mtu akashika njia yake," anasimulia. "Sauti ya pili walikuwa kama wanatafuta mtoto aliyepotea."

Kwenye karatasi ya majaji, penye "upatanifu wa sauti", walipata alama mbili kati ya ishirini. Fundi baiskeli, anayeimba sauti ya nne, anaamini hata hizo walionewa huruma.

"Mimi nilidhani upatanifu ni wote kuimba kitu kimoja," anasema Mama Unga. "Si hivyo. Kila mtu na yake, ila zikikutana zisigombane."

Kujua ni jambo moja, kuweza ni jingine. Amejaribu kurekodi mngurumo kwenye simu, ukasikika kama nyuki ndani ya kopo. Fundi baiskeli akashauri mashine yenyewe ipandishwe mkokoteni hadi ukumbini, na alikuwa hatanii.

Mashindano ni Jumamosi hii. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ana kinanda cha umeme na uchu wa uongozi usiofichika. Kwaya imeamua: wakishika mkia tena, uongozi anachukua shemeji. Mama Unga hulisema hilo akicheka, lakini linamuuma.

"Nitabaki na pumba tu," anasema.

Ubeti wa pili haujaisha, umeme unakatika. Mota inanyamaza. Sauti zinaporomoka moja baada ya nyingine, na shemeji, aliyeegemea mlango, anakohoa kwa maana yake.

"Msiitafute mota, haipo!" Mama Unga anafoka. "Punguza sauti mpaka umsikie jirani yako. Ukijisikia peke yako, umezidisha."

Sauti ya kwanza inaanza kwa woga. Ya pili inapapasa, inateleza, inashika. Ya tatu inaingia. Fundi baiskeli anafumba macho na kushusha yake kama anayeweka yai mezani. Ubeti mzima unasimama wenyewe, na machozi yanachora mifereji kwenye unga wa mashavu ya Mama Unga.

Ghafla umeme unarudi, tena mdogo. Mota inajivuta kwa sauti nzito ya mgonjwa. Fundi baiskeli anakunja uso.

"Mama, mashine imekosea sauti."

Mama Unga anaizima papo hapo.

"Mwanangu, na mahindi yangu?" anauliza bibi mmoja ambaye debe lake limesagwa nusu.

"Nivumilie, bibi. Watu ndiyo kwanza wanasikilizana."

Bibi anakalia gunia, anasonya, kisha anaanza kutikisa mguu. Shemeji hakohoi tena.

Mama Unga anachukua chaki na kuandika mlangoni kwamba hadi Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi, hakuna kusaga.

"Na wateja je?" mmoja anamuuliza.

"Anayetaka unga aje mapema," anajibu, akiinua mwiko. "Akichelewa, ataimba."