Kiwele Kwenye Harusi ya Philippa

Hilda Sugden aliwapikia watoto wa shule maharage na viazi kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe anapenda kupika nini. Alipostaafu akasikia kwamba jumba la kale la Thornby linatafuta mpishi wa karamu za miaka mia sita iliyopita, za kuwafurahisha wageni. Akajitosa. Mapishi ya zamani aliyasoma mpaka akayajua kama sala, na sharti lake lilikuwa moja: hakuna kudanganya. Kitabu kikisema mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, basi ni mkunga.

Giles, meneja wa jumba, roho ilikuwa juujuu. "Hilda, watu wanataka paja la kuku walirarue kwa mikono, wapige picha, waende zao."

"Wanaotaka hilo waende kwa wakaanga kuku. Hapa ni Thornby."

Jumamosi moja ikaja harusi. Bibi harusi, Philippa, ndiye aliyechagua karamu ya kale, lakini kichwani mwake mlikuwa na mishumaa na mataji tu. Ikatoka pai ya mikunga. Akafuata kuku aliyepondwa kwa tui la lozi na sukari. Kisha sinia la kiwele cha ng'ombe, kimechemshwa na kukatwa vipande vyembamba.

"Hiki kitamutamu kina kuku ndani?" aliuliza mpambe wa bibi harusi. Alipoambiwa ndiyo, akatua kijiko kama kimemuunguza. "Na kile?"

"Kiwele."

Mpambe akapiga ukelele. Bwana harusi naye alikuwa akimeza mate, na hayakuwa ya hamu.

"Si nilikwambia?" Giles alimnong'oneza Hilda mlangoni.

Masikio yalimwaka Hilda. Akajifuta mikono, akaingia ukumbini bila kujua atasema nini. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka mwisho wa meza.

"Wewe mama! Hiki ni kiwele?" Alikuwa Mzee Wilf, babu yake bibi harusi, mwenye miaka tisini na mmoja.

"Ndiyo, mzee wangu. Chenyewe. Hapa hatudanganyi."

Mzee akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Marehemu mama alikuwa akikinunua kila Ijumaa kwa muuza matumbo, pale mjini kwetu Keighley. Sijakitia mdomoni tangu ujana. Siki iko wapi?"

Hilda akasita. Kitabu kilitaka mchuzi wa tangawizi. Siki hakikuitaja hata kwa bahati mbaya. Lakini uma wa mzee ulikuwa tayari hewani. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na chupa.

Wilf akala kipande, cha pili, cha tatu, huku akisimulia walivyokuwa ndugu saba wakigombea kipande cha mwisho. "Mnaona kinyaa nyie! Na soseji mnazokula, mnajua zina nini ndani?"

Meza ikaangua kicheko. "Babu, nionjeshe," akasema Philippa. Akafumba macho, akatafuna, akafumbua jicho moja. "Mbona si kibaya?"

Basi ikawa mashindano. Bwana harusi akauvamia mkunga ili asiitwe mwoga. Mpambe alishikilia mkate wake mpaka mwisho, na hakuna aliyemlaumu.

Muziki ulipoanza, Wilf hakuonekana. Philippa akamkuta jikoni, akibishana na Hilda kama matumbo ya Keighley yaliyashinda ya Skipton, mji wa jirani.

"Babu, watu wanakungoja ucheze!"

"Waanze tu," akajibu mzee. "Huyu mama bado hajakubali kushindwa."