Bingwa na Mlima wa Mweso

Kwetu Masisi, ukiona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inapanda mlima, hungoji kuombwa: unashika nyuma, unasukuma. Juzi pale Mweso papa mmoja, baba wa makamo, alimwona dada mmoja akipanda mlima kwa kiti cha magurudumu. Papa akatua mfuko wake wa maharagi, akamsukuma hadi juu, akasimama kungoja asante.

Dada akageuza kiti, akateremka hadi chini. Papa akamkimbilia.

“Dada, ulisahau kitu?”

“Hapana, Papa. Niko nafanya mazoezi. Mimi njo shampioni wa tenisi ya kiti, na wiki ijayo niko na finale. Hii mikono njo inanipatia kombe.”

Papa akatazama mikono ile, kisha yake.

“Kumbe nilikuibia mlima!”

“Njo vile. Sasa nilipe.” Akapiga mapaja yake. “Weka mufuko hapa.”

Dada akapanda na maharagi. Papa akafuata nyuma, mikono ndani ya mifuko ya suruali. Penye kona kali mikono ikachomoka ikitaka kusukuma, akairudisha. Ikachomoka tena.

Nawaambia, siku ile aliyetoka jasho zaidi hakuwa bingwa.