Kidole Gumba cha Mgonjwa

Nikiwa mtoto kule Kabazi, niliamini kabisa kwamba mti wa muthiga una macho. Shosho, mama wa baba yangu, ndiye aliyeniambia. Gome lake, kali kuliko pilipili, lilikuwa dawa ya kifua kwa majirani wote, lakini lilikuwa na sharti: kipande kisizidi kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Ukizidisha, mti hufuata kilichozidi, na humfuata aliyekunywa, si aliyekata. Basi watu walifika mlangoni wakiwa wamenyoosha vidole kama wanaokwenda kuchukua kitambulisho.

Siku moja mama alikuwa kazini Nakuru, na shosho alikuwa shambani akichimba waru, viazi vyetu vya huko. Nilikuwa na miaka tisa na ujuaji mwingi. Mdogo wangu Njeri, wa miaka miwili, alikohoa asubuhi nzima mpaka nikamwonea huruma. Nikachukua gome, nikalipima kwa kidole changu mimi, kisha nikaongeza kidogo ili apone haraka. Nikachemsha, nikatia sukari, nikamnywesha kikombe kizima.

Alitapika mpaka tumbo likabaki tupu, kisha akalegea mikononi mwangu. Nilipiga nduru. Shosho alikuja mbio, mikono imejaa udongo, akamfunga Njeri mgongoni, akaopoa lile gome kwenye sufuria na kulitia mfukoni. Njia yote hadi zahanati nilimfuata nyuma nikilia, nikiusihi mti unichukue mimi.

Nesi akauliza ni nani aliyempa mtoto dawa. Shosho akaweka gome lililolowa mezani.

"Ni mimi, sister. Nilipima vibaya. Amekunywa hii yote. Usinifiche, atapona?"

Alipona, Mungu ni mwema. Akatundikiwa maji, na kufikia jioni alikuwa anadai chai. Lakini mama alipofika hakuwa na subira. "Mama, watoto wangu usiwaguse tena na hayo magome yako."

Shosho akasema, "Sawa." Mimi nilikuwa mlangoni, nimesimama, na sikufungua mdomo. Tangu siku hiyo, aliyekuja na kidole chake alirudishwa. "Nenda zahanati," shosho alimwambia, kisha akaendelea kumenya waru.

Siku hizi naishi Free Area, Nakuru, na pale mjini gome hilo huuzwa likiwa unga, ndani ya makopo, bila kumuuliza mtu kidole chake. Kila nikiyaona nakumbuka uzito wa Njeri mikononi mwangu. Mwezi uliopita shosho alianza kukohoa. Nilimpeleka hospitali kwanza, maana anameza dawa za presha na sitaki tena kubahatisha. Tuliporudi Kabazi, mama akiwa anatumiminia chai, nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Mama, dawa ile ya Njeri nilipima mimi."

Mama akaweka birika chini. Akamgeukia shosho, machozi yakimlenga. "Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" shosho akasema. Alichukua mkono wangu, mtu mzima mimi, akakishika kidole gumba. "Lawama yote ile ingezidi kidole chake."