Kitanda cha Kona

Mume wangu aliingia ndani Jumamosi moja baada ya adhuhuri, hata koti hakuvua, akatoa simu mfukoni na kunisogezea usoni. Ilikuwa picha ya karavani, kile kijumba cheupe cha magurudumu kinachokokotwa nyuma ya gari.

"Nshapata," akasema. "Jumatano tunakwenda kutia saini."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu chini kwa sababu nilijua nikiendelea kukishika nitajikata. Nikamuuliza amepata nini. Akasema amepata karavani letu, amelikagua lote yeye na kaka yake asubuhi ile, na ameshampa muuzaji mkono. Mimi nilikuwa nimeambiwa wanakwenda mtaa wa Edgware Road kunywa kahawa.

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni haya kusema. Sisi wanawake wa rika langu tulilelewa tuzimeze hasira zetu kimya kimya, na mimi nimemeza nyingi. Hii haikushuka.

Maana wazo la karavani lilikuwa langu. Kazi yangu hapa London ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Croydon. Miaka miwili ya mwisho wa maisha yake nilikwenda kwake kila asubuhi, na ukutani kwake palijaa picha zake na marehemu mumewe mbele ya karavani lao. Nikimsugua mgongo ananihadithia: ziwa hili, mlima ule, siku waliyofungua mlango wakakuta kondoo amesimama kwenye kidaraja cha kupandia mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nilikuja nchi hii nikiwa na miaka ishirini na sita. Nikimsikiliza bibi yule niligundua kwamba sikuijua nchi yenyewe. Nilichokijua ni ngazi na lifti za majengo yake.

Nilipomwambia mume wangu kwamba tukistaafu tununue karavani, alicheka mwezi mzima. Yeye alikuwa dereva wa basi, na alisema ameshaendesha vya kutosha. Watu nao waliuliza kwa nini tusirudi Unguja kwenye nyumba yetu. Nyumba hiyo ina ndugu ndani, wamekwisha kuizoea, na mimi sikutaka uzee wangu uanze kwa kuwatoa watu. Nilitaka miezi sita barabarani, kuanzia majani yanapochipua, na miezi sita ya baridi kwenye flati yetu ya Thornton Heath. Nikaendelea kusema mpaka akaanza kupenda. Alipokwisha kupenda, wazo likahama mikono. Nikawa namsikia kwenye simu akiwaambia wenzake wa msikitini, "Nina mpango." Nilidhani ni maneno ya wanaume tu, nikamwachia. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Jumatano tulikwenda wote. Uwanja wenyewe ulikuwa nje kidogo ya mji, kaskazini, makaravani yamepangwa safu kwa safu. Binti yetu alichukua likizo ya siku moja ili atupeleke. Binti huyu amezaliwa hapa hapa, namsemesha Kiswahili na yeye ananijibu Kiingereza, na tumeshazoeana hivyo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amefika kabla yetu. Tulipoingia ndani ya karavani tulimkuta ameshakaa kwenye makochi, miguu ameinyoosha, anatutazama kama mwenyeji wetu.

Muuzaji alikuwa mtu mzima, amevaa tai, mwenye adabu nyingi. Alianza kwa kunionyesha jiko. Alinionyesha jiko hata kabla sijakanyaga vizuri zulia. Nikamuuliza tangi la maji linaingia lita ngapi. Akamgeukia mume wangu, akamjibu yeye kwamba wateja wengi hulijaza mara moja kwa siku. Nikamwambia sisi tunatawadha mara tano kwa siku, na chooni hatutosheki na karatasi, tunataka maji. Alitabasamu, kisha akaendelea kumwelezea mume wangu spika za redio.

Nikaenda nyuma kutazama kitanda.

Kilikuwa cha watu wawili, kimesukumwa kwenye kona, kina ukuta pande tatu. Anayelala ndani hana njia ya kutoka isipokuwa kumpanda anayelala nje. Mume wangu alibadilishwa goti hospitali majira ya baridi yaliyopita. Nilimfunga na kumfungua bandeji mwenyewe wiki sita. Mtu huyo ndiye aliyesimama mbele ya kitanda kile, akakikagua, akatoka akampa muuzaji mkono.

Nilivua viatu. Nikajilaza upande wa nje na mtandio wangu, nikamwita mume wangu aje alale ndani. Alicheka, akatazama nyuma kuona nani anamwona. Wote walikuwa wanamwona. Akapanda, akajivuta mpaka ukutani, akalala chali.

"Haya," nikasema. "Umebanwa na haja. Toka."

Akainua mguu mzima, akauvusha juu yangu. Ule wa goti jipya ukakataa. Alijaribu kugeuka, akakosa pa kuweka kiwiko, akashika pazia la dirisha ili ajiinue na pazia likashuka mkononi mwake. Akabaki amenilalia nusu, anahema, jasho linamtoka. Sikumsaidia. Nilijua hasa pa kumshika ili atoke, kwapa hili na nyonga ile, nimefanya hivyo maelfu ya mara kwa watu nisiowajua. Nikamwacha.

Binti yetu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Shemeji alitazama zulia. Muuzaji akasema kwa upole kwamba wateja wengi huzoea baada ya siku chache.

Nikamjibu nikiwa nimelala vile vile. "Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu vitandani. Miaka ishirini na minane. Wewe usinifundishe kitanda."

Mara hiyo alinijibu mimi. Alisema samahani.

Mume wangu alipokwisha kuteremka nilimuuliza, mbele yao, alipenda nini humu. Namshukuru kwa jambo moja, kwamba hakusema uongo. Alisema karavani hili linakaa watu wanane. Tukifika mahali pazuri, na ndugu wakija kututembelea, patakuwa na pa kukaa, watu wazungumze.

"Na chai atapika nani?"

Nilisikia mvua ikianza juu ya paa. Shemeji akasema taratibu kwamba nisikasirike, chai si kitu.

"Basi utapika wewe, shemeji, kama si kitu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikinichoma tangu Jumamosi. Kuchagua bila mimi lilikuwa jambo moja. Kubwa zaidi ni kwamba alipofumba macho na kuona uzee wetu, aliona baraza lenye wanaume wanane, na mimi alinitia humo kwenye upande wa jiko. Mwalimu wangu wa Croydon alikuwa akinihadithia ziwa. Mume wangu alinisikia nikimsimulia lile ziwa miaka miwili, na alichochukua ni makochi. Nikamwambia maneno ambayo tangu siku ile hajayasahau, kwa sababu huwa namsikia akiyarudia peke yake anapoosha vyombo: "Mimi nimestaafu. Sikuhamishiwa kituo kingine."

Alilazimika kumwambia muuzaji kwamba hatulichukui. Nilimwona jinsi lilivyomuwia zito. Alikuwa ametoa mkono wake, na kwa mume wangu mkono ni ahadi. Nilisimama pale nikifikiri kwamba mkono aliotoa kwa ajili yangu, mbele ya kadhi na baba yangu, umekaa miaka thelathini na tano, na haukumzuia kunidanganya kwamba anakwenda kunywa kahawa.

Garini binti yetu aliniambia nimemdhalilisha baba yake. Alisema kwa Kiingereza, sauti ya chini, akitazama barabara. Nikamuuliza kama aliona kudhalilishwa kwangu, au huko hakukuonekana kwa sababu sikulia. Akaongeza kasi ya vifuta mvua. Mume wangu alikaa kiti cha nyuma, goti lake amelinyoosha, mpaka Thornton Heath.

Tulikaa siku tisa bila mazungumzo. Salamu ilikuwepo, chakula kilikuwepo, nilimwekea dawa zake. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Siku ya kumi nilichukua utepe wa kupimia wa cherahani na daftari, nikatoka kwenda kutafuta karavani mwenyewe. Binti yetu alinikuta mlangoni. Akauchukua ule utepe mkononi mwangu, akasema atanishikia ncha moja. Ndiyo ilikuwa samahani yake, nikaipokea.

Tulikwenda viwanja vitatu, wiki kwa wiki. Kote niliulizwa kama mume wangu yuko njiani. Kwenye uwanja wa pili nilijibu kwamba mume wangu yuko nyumbani anapika, na kwa kweli siku hiyo alikuwa anapika, kwani nilimwachia mchele na maharage na sikumwambia lolote. Mahali hapo walinionyesha karavani linalong'aa, bei ya kuvutia. Nikaingia, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Harufu ile naijua. Ni ya vyumba vya wazee ambao wenye nyumba wao hawataki kutengeneza ukuta. Nikabonyeza kwa kidole pembe ya dirisha na ukuta ukabonyea kama mkate. Muuzaji aliapa kwamba hakuna unyevu. Nikamwambia aweke kidole chake pale pale. Hakuweka.

Nilijua ninachotaka, na nashangaa hakuna aliyenisaidia kukijua isipokuwa kazi niliyodharauliwa kwayo maisha yangu yote. Ngazi ya mlangoni isizidi kimo ninachoweza kupanda nikiwa nimebeba ndoo. Vitanda viwili, kimoja kila upande, na njia katikati, ili kila mtu aamke kwa wakati wake na miguu yake iguse sakafu bila kumwomba mwenziwe ruhusa. Bafu liwe nyuma, upana wote wa karavani, pawe na pa kushika. Choo kiwe na tangi ambalo nitaweza kulichomoa na kulimwaga bila kuvunja mgongo. Uzito wake usiishinde gari yetu, ambayo si kubwa. Na pawe na nafasi sakafuni ya mikeka miwili ya kusalia, hata kama kibla kitaangukia kwenye kabati.

Tulilipata kwenye uwanja wa tatu. Halikuwa jipya, lilikwisha kutumika miaka sita na wazee wawili ambao, kwa mujibu wa mama aliyekuwa akiliuza, waliacha kusafiri kwa sababu ya macho. Nilibonyeza kila pembe. Nililala kitanda cha kushoto, binti yetu akalala cha kulia, tukaamka pamoja bila kugusana. Nilimpigia mume wangu simu aje aone. Alikuja kwa treni na basi, na alipofika alikwenda moja kwa moja kitandani, akalala, akakaa, akasimama. Akarudia mara ya pili. Kisha akasema, "Nilikuwa mjinga." Nikamwambia ndiyo. Alitegemea labda nitakataa.

Nilijiandikisha pia kujifunza kukokota, siku moja kwenye uwanja mpana, na mwalimu aliyenifanya nirudi nyuma na karavani kati ya koni za plastiki mpaka shingo ikaniuma. Mume wangu alinambia sihitaji, dereva yupo. Nilikwenda. Sitaki kuwa mahali pazuri ambapo siwezi kuondoka mwenyewe.

Tuliondoka London mwezi wa Mei. Baba watoto aliendesha mpaka tulipotoka mjini, kisha goti likamsumbua, nikashika usukani mimi. Tulikuwa tunaelekea kwenye ziwa la mwalimu wangu. Hapo katikati ya njia, simu ikalia, shemeji. Mume wangu akaweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake hayako sawa tena. Shemeji akauliza karavani linakwendaje.

"Zuri," mume wangu akasema. "Vitanda viwili, bafu kubwa. Nilitafuta sana mpaka nikalipata hili."

Nilihisi hasira ikipanda kutoka miguuni. Kushoto palikuwa na kituo cha kupumzikia, nikawasha taa ya kupindia, nikaingia, nikasimamisha gari na karavani lote nyuma yake, sawa sawa ndani ya mistari. Nikazima injini. Nikamgeukia nikamtazama.

Alijua. Shemeji alikuwa anaendelea kuzungumza. Mume wangu alimkatiza.

"Si mimi niliyetafuta," akasema. "Mke wangu ndiye aliyechagua. Kila kitu yeye."

Shemeji akasema ahaa, akauliza hali ya hewa.

Simu ilipokatika, mume wangu akauliza kama sasa tunaweza kuendelea. Nikamwambia bado. Nikashuka, nikaenda kukagua ndoano ya kukokotea, pale karavani linaposhikana na gari, kisha nikakaa peke yangu kwenye kidaraja cha karavani langu, nikanywa maji polepole mpaka chupa ikaisha. Yeye alingoja garini.