Saa Mbili ya Asubuhi

Ujumbe uliingia baada ya adhuhuri, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ninayopanga chumba huku Malindi, mjini Unguja, nangoja umeme urudi. Ulitoka kwa mratibu wa programu ya simu tunayoishughulikia, mtu ambaye sijapata kumwona uso wala kumsikia sauti. Aliandika kwamba kuna mtumiaji analalamika. Kengele ya dawa ya mama yake inalia usiku wa manane badala ya asubuhi, na yeye ameitega kama mwongozo wa Kiswahili unavyoelekeza. Chini yake alikuwa ameunakili mstari wenyewe, kisha akauliza kwa adabu: wewe ndiye wa mwisho kuugusa, unaweza kuutazama?

Nikautazama. "Kwa dawa ya asubuhi, andika 2:00."

Mara ya kwanza sikuona kitu. Saa mbili ya asubuhi ndiyo saa watu wanapokunywa chai, maduka ya Darajani yanapofunguliwa, watoto wanapokuwa wameshaingia madarasani. Nilisoma tena kwa kunong'ona, kama nilivyozoea kuisoma mistari yote, nikitafuta herufi iliyodondoka. Haikudondoka hata moja. Nilikuwa nimezirudisha mwenyewe wiki iliyopita. Palikuwa pameandikwa "asubui", nikatia h. Palikuwa pameandikwa "andka", nikatia i. Mstari ukanyooka, nikaridhika nao, nikashuka kwenye mstari wa chini.

Ndipo nikakumbuka kwamba programu ile haiishi Unguja. Inahesabu saa zake kuanzia katikati ya usiku. Ukiiandikia mbili, inakuamsha saa nane ya usiku.

Mfasiri wa kwanza, ambaye sijui ni nani wala yuko wapi, alikutana na nane ya Kizungu akaifanya mbili, kama sote tunavyofanya kila tunapotazama saa ukutani. Inaonyesha nane, ulimi unasema mbili, na hakuna anayeona kwamba amefasiri. Mimi nikapita juu ya kazi yake na jicho langu la kusaka herufi, na jicho hilo likasema ni sawa. Likasema ni sawa kwa sababu mimi ni mtu wa hapa.

Hii kazi ya kusahihisha tahajia niliianza ughaibuni. Nilikuwa bawabu wa ghala Maskati, baada ya kuuza nguo Mombasa, baada ya kuosha vyombo hotelini Nungwi, na baina ya hizo kulikuwa na nyingine ambazo hata sizikumbuki vizuri. Elimu yangu ni ya sekondari. Sijui kuandika programu. Lakini usiku mmoja wa zamu nilifungua mwongozo wa programu huria fulani, zile ambazo hazina mwenyewe na yeyote anaweza kuzichangia, nikakuta upo kwa Kiswahili. Nilifurahi kama niliyesikia mtu wa kwetu akisema sokoni. Kisha nikaanza kuona makosa. Herufi zimekosekana, maneno yamegandana, "hapa" imekuwa "apa". Yaliniuma. Nilisikia kama nimerudi nyumbani nikakuta madirisha yamevunjwa. Nikajifunza namna ya kupeleka masahihisho. Unaonyesha mstari wa zamani kwa rangi nyekundu, mpya kwa kijani, mratibu anakubali au anakataa, na jina lako linabaki pale pembeni.

Jina lile nililipenda, siwezi kuficha. Nimehama vyumba vingi, na hakuna mlango hata mmoja ulionikumbuka. Kwenye miongozo ile nilikuwepo.

Sasa lilikuwepo kwenye mstari ule, na sikuwa nikimfikiria mama wa yule mlalamikaji, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikimfikiria shangazi yangu.

Shangazi yuko Kidichi, peke yake tangu mumewe afariki. Ndiye aliyenifundisha herufi, zote mbili, za Kiarabu na za Kizungu, nikiwa mtoto nimekaa mbele yake na ubao. Ana maradhi ya sukari, na husahau vidonge vyake. Masahihisho yangu yalipokubaliwa nilichapisha kurasa zile za mwongozo katika duka la stesheneri, nikampelekea pamoja na programu yenyewe ndani ya simu yake. Nilitaka kumtegea kengele mimi. Akaninyang'anya simu.

"Lete karatasi. Ntasoma mwenyewe. Kwani wewe ulisomeshwa na nani?"

Nikamwachia, nikarudi mjini nikiwa na raha ya mtu aliyempelekea mkubwa wake zawadi. Vidonge vyake ni vile vya kuteremsha sukari, na daktari alimwambia mbele yangu: na chai, Bi, na mkate, usivimeze tumbo likiwa tupu. Mtu akivimeza saa nane ya usiku kisha akalala tena, sukari inateremka yuko usingizini. Haina kishindo.

Nikampigia. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikajiambia ni umeme, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika kwetu na pengine kwao pia, kisha nikajiambia kwamba mtu mwenye hofu hatafuti sababu, anatafuta pa kuiweka hofu yake. Nikafunga chumba nikashuka barabarani, nikasimamisha bodaboda.

"Kidichi," nikamwambia. "Haraka."

"Una mgonjwa, kaka?"

"Sijui."

Akanigeukia. "Hujui?"

"Sijui kama ni mgonjwa au la."

"Haya, shika vizuri, tukajue."

Tulipita Mtoni, tukapita Bububu, na njia yote nilikuwa nikipanga maneno. Si maneno ya kumwambia shangazi. Ya kumwambia mratibu. Nitamwandikia kwamba najitoa. Nitamwomba afute jina langu kila lilipo, hata kwenye mistari isiyo na dhara. Kisha nikajikuta nafikiria boti ya Dar es Salaam ya asubuhi, na rafiki wa Tanga aliyewahi kuniambia kuna kazi kwenye kiwanda. Shangazi simjui yu hai au vipi, na mimi nimeshafungasha begi kichwani.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Nikagonga.

"Hodi!"

Kuku alinipita miguuni.

"Hodi hapa!"

"Nani huyo anabisha kama askari?" Sauti ilitokea uani.

Nikashika ukuta.

"Mie."

"Mie ndo nani? Mie wako wengi."

Nikazunguka nyuma. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, miguu ameinyoosha, lundo la karafuu mbichi mbele yake, anazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Alikuwa mzima. Nilimtazama usoni, mikononi, nikamtazama tena usoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Umekimbizwa?"

"Simu yako haipatikani."

"Nimeizima. Umeme hakuna tangu jana, nnaiwekea akiba ya usiku."

"Ya usiku ya nini?"

"Si kengele yako ile!" Akaacha karafuu, akanyanyua mikono miwili kama anayeomba dua. "Mola akujaalie kheri. Miaka yote hii najiambia leo ntaamka nisali tahajudi, usingizi unanipitia mpaka mwadhini ananikuta na mate mdomoni. Sasa inalia yenyewe, saa nane barabara. Naamka, natawadha, nasali, nakuombea na wewe. Nikasema huyu mtoto, pamoja na utoro wake, kanifikiria."

Nilikaa kwenye ncha ya jamvi. Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Na kidonge?"

"Kidonge nameza na chai asubuhi. Kwani kidonge cha sukari humezwa na tumbo tupu?"

"Kengele ile ni ya kidonge, shangazi. Si ya sala."

"Hiyo shauri yake. Mie nishaipa kazi nyingine."

Alirudi kwenye karafuu zake. Ningeweza kuishia hapo. Mzigo ulikuwa umeshuka, na kulikuwa na kicheko cha kwenda nacho mjini. Lakini nilimwona anavyochambua. Vidole vilikuwa vinakwenda haraka kuliko kawaida, na macho hayakunyanyuka.

"Usiku wa kwanza," nikasema, "ilipolia mara ya kwanza, ulifanya nini?"

"Nlikuwa sijajua."

"Ulifanya nini, shangazi?"

Akatupa konyo moja, akatupa la pili.

"Nlikimeza. Karatasi imesema ikilia umeze, nikameza. Nikazima, nikarudi kulala."

Nikasogea karibu naye kwenye jamvi.

"Nikaamka natetemeka. Kanga imerowa kama mtu aliyetolewa baharini. Macho hayaoni sawasawa. Nikasema haya, ndo leo. Nikajikokota mpaka jikoni, nikaikuta chupa ya asali, nikailamba kwa kidole kama mtoto mdogo. Nikakaa pale chini, nimeegemea mtungi, mpaka alfajiri. Basi. Yashapita."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikupigie nikwambie nini? Kazi yako imetaka kuniua?" Akacheka, lakini alinitazama, na macho hayakuwemo kwenye kicheko. "Mie nakujua. Tangu mdogo, ukivunja kikombe unahama nyumba. Tunakutafuta kutwa, tunakukuta kwa watu, umeshazoea. Ningekwambia, kesho yake ningesikia uko Maskati."

"Tanga," nikasema.

"Nini?"

"Njiani nilikuwa nafikiria Tanga."

"Tanga!" Akanipiga begani kwa mkono wenye utomvu. "Hata Maskati hukupata? Tanga kuna nini?"

Hapo ndipo nilipocheka, na kicheko kiligeuka njiani kikawa kitu kingine, nikainama kama ninayesaidia kuchambua. Aliniacha. Alinisogezea sehemu ya lundo, tukafanya kazi pamoja. Nilifikiria usiku ule, mtu wa umri wake sakafuni na kidole mdomoni, na mimi mjini nimelala, ninaota pengine juu ya jina langu pembeni mwa mstari wa kijani. Wiki nzima alikuwa amelificha jambo lile, asinipoteze.

Nikamwomba simu. Akaiwasha, akanipa, kisha akaendelea kuishika kwa upande wa pili.

"Usiiguse ile ya saa nane."

"Siigusi. Naongeza nyingine ya asubuhi. Ya kidonge."

"Ya saa nane iko pale pale?"

"Iko pale pale."

"Niapie."

"Wallahi."

Akaiachia. Nikatega kengele ya pili, nane kwa hesabu ya programu, mbili kwa hesabu yetu, nikamwonyesha. Akachukua zile kurasa nilizomletea, akaniletea na kalamu, akanisimamia mpaka nikaukata mstari ule na kuandika upya juu yake. Akausoma kwa sauti. Akasema mwandiko wangu umeharibika.

Kisha nikatoka na simu yangu kutafuta mtandao. Kwake unapatikana kwenye kona ya ua, karibu na mdalasini, ukisimama upande. Sikuandika barua ya kujitoa. Nilisahihisha mstari. Nikapitia ukurasa wote, safari hii sikutazama herufi hata moja, nilitazama kila saa iliyotajwa, na nikazikuta nyingine za namna ile ile: kidonge cha mchana, kidonge cha jioni, zote kwa saa zetu. Zote nilikuwa nimezipita. Nilizirekebisha, nikaeleza kwa mratibu kwamba kosa si la mtumiaji, kwamba mimi niliona mstari ule nikaupitisha, na kwamba aweke onyo mahali pa kuonekana, leo hii, kwa sababu watu wa kwetu huchapisha karatasi, na karatasi haijirekebishi. Nikamuuliza pia kuhusu mama wa yule mlalamikaji. Anaendeleaje? Alimeza? Nikaomba anijibu hata kama jibu ni baya.

Kiduara cha kutuma kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Nikanyanyua simu juu ya kichwa. Ikaenda.

Jibu halikuja. Huko aliko mratibu sijui ni saa ngapi, na kwa mara ya kwanza niliona haya kwamba sijapata kuuliza. Nilikuwa nikifikiria wangapi wengine wamechapisha ukurasa ule, katika nyumba zipi, na kama wana asali.

"Wewe!" shangazi akaita kutoka jikoni.

"Naam!"

"Unaongea na mti? Njoo ule."

Nikamwambia leo sirudi mjini, nalala hapa, na kesho pia pengine.

"Nani kakukaribisha?" akasema, na alikuwa ameshaanza kuutoa mkeka.

Simu niliiweka kwenye dirisha la upande wa mdalasini, palipo na mtandao kidogo, mlio nimeupandisha mpaka mwisho. Nikaenda kunawa mikono.