Ursula Alipochelewa Kulia

Burito alipozikwa Murangi, kijijini kwao kando ya ziwa, watu wote walilia isipokuwa mkewe. Ursula alikaa mkekani, macho makavu, akiwatazama wanawake wenzake wakijitupa chini. Wifi yake, Nyangi, alimwinamia sikioni.

"Wifi, hata chozi moja la kumsindikiza kaka yangu?"

Ursula alilitafuta, hakuliona.

Maneno yakaenea ufukweni. Waliozoea kuanika dagaa pamoja naye wakawa wanaanika mbali kidogo. Watoto wake walirudi Mwanza baada ya matanga, naye akabaki na redio isiyo na betri; miaka ile ya uhaba betri zilitafutwa kama sabuni. Kwaya aliiacha, si kwa hasira, sauti tu ilikataa kuja. Alikuwa anapika ugali, kisha anasahau kula. Moyo nao ulipiga polepole, mpaka kubeba ndoo kulimchosha.

Mwaka uliofuata, maduka yalipoanza kujaa vitu tena, zahanati ilipata mganga mpya, Danford, kijana wa Butiama. Ursula alimfuata kuchukua vidonge vyake vya presha. Danford akamshika mkono, akahesabu mapigo, akarudia.

"Mama, dawa hizi umezianza lini?"

"Kabla baba yao hajafa. Nilikuwaga naumwa kichwa sana. Ndizo zilizokuwepo."

"Na furaha je?"

"Furaha, mwanangu? Mimi nilishakuwa gogo."

Danford akavuta kiti karibu.

"Mama, kuna mishipa ya fahamu inayofika moyoni. Nchani mwake kuna vifuko vidogo mno, vimejaa kemikali ya kupeleka ujumbe. Ukishtuka au ukipanda mlima, vifuko vinaimwaga, moyo unaongeza mwendo. Ikishafanya kazi, mshipa unainyonya tena na kuirudisha kwenye vifuko, itumike siku nyingine. Dawa hii inaziba mlango wa vifuko. Kemikali ikirudi haina pa kuingia, inaharibika. Akiba inakwisha. Presha inashuka, sawa, lakini kwenye ubongo mambo ni hayohayo, na wengine huwa wanazama kwenye huzuni."

"Kwa hiyo huzuni yangu ni kidonge?"

"Siwezi kuapa. Umefiwa, na unakaa peke yako. Ila kidonge kinaweza kukuongezea mzigo."

Akambadilishia dawa, kwani ya aina nyingine ilikuwa imeanza kupatikana Musoma. Akamwonya asitegemee nafuu ya kesho, maana vifuko vipya hutengenezwa taratibu.

Wiki zikapita bila jambo. Kisha asubuhi moja Ursula alikuwa anatengeneza samaki aina ya sato. Akakata kichwa, akakitenga kwenye sahani kwa ajili ya Burito, aliyekuwa hapendi sehemu nyingine. Mkono ukaganda juu ya sahani. Mara moyo ukaanza kumwenda mbio, na sauti iliyomtoka ikamfikisha Nyangi mbio kutoka nyumba ya pili.

"Kuna nini, wifi?"

"Burito amekufa!"

Nyangi akaketi chini, magamba ya samaki yakimnata kwenye khanga, akamkumbatia. Walilia mpaka moto ukazimika.

Jioni Nyangi alirudi kwake. Ursula aliwasha moto upya, akapika yule samaki, akala kichwa mwenyewe, taratibu, akinyonya kila mfupa. Nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ya mazishi. Aliusikia utupu huo wote, hakuukimbia.